Kiyoyozi Kilichotunyeshea Mvua

Bweni la Wafanyakazi,
Chumba cha 14.
9 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti lako linasemaje siku hizi? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila tofali nililobeba.

Nakuandikia kwa sababu wewe ni fundi bomba, nami nimekutana na maji nisiyoyaelewa.

Huku tunafanya kazi usiku, tunalala mchana chini ya bati. Mwenzangu wa kitanda cha chini, tunamwita Kamanda, alikuwa hapati usingizi kwa joto. Mara mbili akasinzia juu ya jukwaa la ujenzi. Msimamizi akamwambia ya tatu anarudishwa kwao. Basi tulipopewa kiyoyozi kilichong'olewa ofisini, tukaamua kukifunga wenyewe.

Tulijitahidi, Mjomba. Fundi umeme wa chumba cha pili alikivutia waya wake peke yake, wenye swichi yake. Tukaazima pampu, tukanyonya hewa yote kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi. Hilo nalo lilinishangaza: chombo cha hewa, lakini hakitaki hewa tumboni! Mimi nikashika pimamaji mpaka kiputo kikatulia katikati.

Ila mpira wa kutolea maji tuliupandisha hadi dirishani, kwa uvivu wa kutoboa ukuta. Baridi ikaja, tukashangilia. Saa nzima haikupita, maji yakarudi nyuma, yakachuruzika ukutani, Kamanda akaruka kitandani ameloa chapachapa.

"Wewe mpwa wa fundi bomba! Ndiyo umetuletea mvua ndani ya nyumba?"

Nilikuona kabisa akilini ukicheka. Si wewe uliyenifundisha kwamba maji hayapandi kwa kubembelezwa?

Tukatoboa ukuta, mpira ukainamia nje. Sasa tunakinga ndoo nzima kila siku. Lakini yanatoka wapi, na hakuna bomba la maji lililoingia? Mpishi wetu anasema ni jasho na pumzi zetu. Naikodolea macho ndoo ile kila nikiamka. Watu wanane tu wa chumba kimoja tutoe yote hayo? Nifafanulie, maana shule mimi niliiacha njiani.

Nisalimie mama, dada na wale mapacha wake. Mungu alilainishe goti lako, uendelee kupanda ngazi za watu.

Kamanda hasinzii tena kazini. Jana mchana aliamka amefura kwa hasira, anauliza nani kamwibia blanketi.

Wako akupendaye,
Mpwa wako, mbeba matofali