Nipige Hodi Nyumbani Kwangu Mwenyewe?

Mpendwa mshauri Bi Kibibi, assalaam alaykum, naomba unisaidie kabla sijaota kutu, maana mimi ni fundi wa injini za boti na kutu naijua inavyoanza. Nimekuwa msimamizi wa karakana moja kule Mbegani tangu ujana wangu, natoka nyumbani hapa Bagamoyo alfajiri, narudi magharibi, nakula, nalala, na vijana wangu kazini walikuwa wakinisikia nakohoa tu basi kila spana inarudi mahali pake, sasa mwezi wa Rajabu uliopita tajiri wetu akatuita, akatulisha biriani na soda, tukafurahi, tukadhani ana sherehe, kumbe anatuaga, karakana kaifunga na mashine kauza, na kesho yake asubuhi nikajikuta nimekaa kitandani nimevaa ovaroli na sina pa kwenda.

Watu wakaniambia pumzika, mzee, nami nikapumzika mpaka saa nne, halafu nikaingia jikoni kumsaidia mke wangu Ashura, kwa sababu yeye hana kazi, ni mama wa nyumbani tu, na mtu asiye na kazi hawezi kuwa na mpangilio. Nilisikitika sana kwa niliyoyaona humo, Bi Kibibi, upawa wa kupakulia mchuzi umelala ndani ya kinu, mbuzi ya kukunia nazi iko mlangoni, kawa, kifuniko cha chakula, juu ya ndoo ya maji, nikachukua rangi ya buluu iliyobaki kwenye boti, nikapigilia misumari ukutani na kuchora umbo la kila chombo kama tulivyokuwa tukichorea spana karakana, umbo la upawa, umbo la mwiko, umbo la kifumbu cha kuchujia tui, ili kitu kisipokuwepo ionekane wazi kwamba hakipo, hata mbuzi nikaichorea mahali pake sakafuni. Mke wangu akautazama ukuta, akasema, "Ahsante, baba Feisal," mara moja tu, nami nikajua amefurahi.

Sasa mke wangu ana mambo yake ya kike, ni somo, wenye binti anayekaribia kuolewa humletea mwali wao, yeye humsinga mwili kwa liwa na msio, manukato ya kusaga kwa jiwe, huko uani kwetu na kumpa maneno ya ndoa mpaka siku ya harusi ifike, mimi nilikuwa naona ni mazungumzo ya kupitishia mchana tu, kwani nikirudi jioni naikuta harufu ya liwa na uani kumeshafagiliwa. Juzi hapa akawa analetewa Esha, binti wa jirani yetu Bi Habiba, nami niko chumbani nawasikia wanasaga liwa, na nikasikia kabisa kwamba jiwe linaenda kombo, na mtu aliyesaga valvu za injini maisha yake yote hawezi kusikia jiwe linaenda kombo akanyamaza, nikatoka uani kuwaonyesha. Sikupiga hodi, ni kweli, lakini mwenye nyumba anampigia nani hodi? Wala sikuona kitu, naapa, niliona uso uliopakwa liwa, na kanga zinaruka, na makelele, hata yule binti nisingemtambua, nikasema kwa upole, "Ongezeni marashi, hiyo nzito," nikarudi zangu ndani.

Kesho yake Bi Habiba akampeleka mwanawe kwa somo mwingine, na harusi yenyewe ni wiki ijayo, habari zikazagaa mtaani, mwali mwingine aliyekuwa aje naye hakuja. Mke wangu hakunigombeza, alichukua jiwe lake la liwa, upawa na mwiko, akaniambia, "Baba Feisal, ukipata kazi nyingine niletee habari, mimi niko Zinga kwa dada Saida," akaondoka. Nikampigia simu kumwambia nyumba imepooza, akaniuliza, "Umeshakula?" nikasema bado, akasema, "Alama ya upawa si iko ukutani? Pakulia hiyo," akakata. Barazani siwezi kwenda kukaa, wale wanaocheza bao ni watu wasio na kazi, kwa hiyo nashinda jikoni natazama zile alama za buluu zisizo na kitu, na naumia, mshauri, naumia kweli, sijawahi kuwa peke yangu katika nyumba hii. Je, ni haki mke kumwacha mume kwa kosa la kutembea ndani ya nyumba yake? Nimwitie wazee, au nisubiri hasira zimwishe?

Fundi M., Bagamoyo

*

Waalaykumu salaam, Fundi. Pole kwa biriani. Nasema kwa moyo mmoja, kuachishwa kazi kwa sahani ya biriani ni jambo baya, maana mtu hata kulalamika hawezi, mdomo umejaa. Na hapo ulipojikuta kitandani umevaa ovaroli huna pa kwenda, roho imeniuma, ningelia kabisa kama barua yako ingeishia hapo. Haikuishia hapo.

Hongera kwa uchoraji. Mwanamke kapika katika jiko hilo miaka yote uliyokuwa Mbegani, kakulisha wewe, kalisha watoto, kalisha na wageni wako, upawa hakuwahi kuupoteza hata siku moja, mpaka alipoletewa mkombozi na kopo la rangi ya boti. Akasema ahsante mara moja, akanyamaza, nawe ukajua amefurahi! Hebu niambie, Fundi: injini ikinyamaza ghafla katikati ya bahari, huwa unasema imefurahi?

Unaandika kwamba mke wako hana kazi. Basi nisaidie, maana mimi si mtaalamu. Mtu anayekabidhiwa binti za watu, ambaye familia humwamini na mwali wao kabla hawajamwamini huyo bwana harusi, na jina lake likitiwa doa haletewi mwali mwingine, huko karakana mlikuwa mkimwitaje? Sisi huku tunamwita mwenye kazi. Asiye na kazi katika nyumba hiyo ni mmoja, naye si Ashura. Tena kazi yake alikuwa akiimaliza na kuifagia kabla hujarudi, ili ukute uani kweupe na chakula tayari, nawe kwa shukrani zako ukadhani alishinda amekaa anakungoja.

Mwenye nyumba anampigia nani hodi? Anawapigia walio uani. Mwulize mwanamume yeyote aliyelelewa pwani hii: wageni wa kike wakiwa uani, mume hukohoa, hupiga hodi, husubiri sauti ya mkewe, na akiambiwa "bado" hugeuka akaenda zake. Wala hapungukiwi na uanaume. Wewe ndoa yako yote hukuwahi kuwa nyumbani mchana, kwa hiyo hodi hiyo hukuihitaji ukaisahau, na hilo nakusamehe. La marashi sikusamehe. Mwali wa watu anapiga kelele, kanga zinaruka, nawe umesimama hapohapo unatoa maelekezo ya ufundi! Wale vijana wako walikuwa wakirudisha spana kwa kikohozi chako tu. Kikohozi hicho mlikiuza pamoja na mashine?

Na hao wazee unaotaka kuwaita, waite, tafadhali, na mimi niwepo nisikie. Watakapokuuliza mkeo kakosa nini, utawaambia kaondoka na upawa wake?

Lakini kuna jambo moja umelifanya vizuri. Ulichora ukuta ili kitu kisipokuwepo ionekane wazi, sasa umeona. Unashinda jikoni unatazama mahali patupu na unaumia. Ndugu yangu, upawa unauzwa sokoni, kanunue hata kesho. Unayemlilia ni Ashura, na hilo ndilo neno pekee la maana katika barua yako yote, ila ulilificha mwishoni nyuma ya vyombo.

Sasa nisikilize, na usiguse rangi. Nunua chokaa upake ukuta huo leo, na sakafu uisugue mpaka alama ya mbuzi itoke. Kisha, kabla harusi ya Esha haijafika, mchukue mtu mzima mmoja anayeheshimika mtaani kwenu, mwende kwa Bi Habiba na mumewe baada ya sala ya alasiri. Sema hivi: mimi nimekosea, niliingia bila hodi, mke wangu hana hatia. Ishia hapo. Usieleze habari za jiwe kwenda kombo, nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wala usidai mwali arudishwe kwenu, hilo ni lao, wewe omba jina la mkeo lirudi mahali pake. Mtaa uliobeba habari ya kanga kuruka utaibeba na hii, miguu haiwaumi.

Halafu toka ndani. Injini mbovu hazijaisha Bagamoyo kwa sababu tajiri mmoja kauza mashine zake. Weka meza yako ya ufundi mbele ya nyumba, upande wa barabara, usogee mbali na uani kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Jioni nenda barazani kwa hao unaowaita wasio na kazi, kawasalimie vizuri, agiza kahawa, ufungwe bao na ucheke. Watakutania. Vumilia, maana wamekusubiri muda mrefu, na ndio watakaokuuliza hali siku usipoonekana.

Ukishayafanya hayo, nenda Zinga. Usiende na wazee, wala usibebe maelezo. Simama nje ya mlango wa shemeji yako Saida, kohoa, piga hodi, kisha nyamaza. Wakiuliza nani, taja jina lako, ufundi mkuu uache nyumbani. Wakikwambia ngoja, ngoja, hata jua likuwakie utosini. Ashura ametoa "karibu" kwa kila mtu aliyefika mlangoni pake, isipokuwa mwanamume mmoja ambaye hakuwahi kuiomba, basi mwache nawe akusikie unaiomba. Akiitoa, ingia kwa adabu za mgeni, na utakapofika ndani usinyooshe kitu chochote kilichokaa kombo.

Asipoitikia, usisukume mlango. Geuka urudi Bagamoyo, na kesho yake uende tena upige hodi. Muda unao.