Kona ya Mwaloni

Morogoro, 24 Agosti 2025

Shangazi Melania,

Shikamoo. Habari za Bangwe, na za magoti? Sisi huku wazima, ila mama anakohoa kwa vumbi na hataki kusikia habari za hospitali. Anakusalimu sana. Anasema dagaa uliomtumia wameisha na hajui wameishaje, wakati mimi namwona kila jioni akiwatafuna kama karanga.

Nina habari, nami naiandika kwa sababu ukiwa mwaloni, kwenye mitumbwi ya dagaa, simu hupokei. Nakuja Kigoma kwenye mbio za magari. Wamepanga mzunguko wa barabarani, lami tupu: tunaanzia Rusimbi, tunapita Buzebazeba, tunashuka Bangwe mpaka ziwani, halafu tunapanda kurudi. Magari yote yanaondoka kwa pamoja. Mimi nimezoea njia za vumbi za mashamba ya miwa, tena gari moja moja. Barabara yenu siijui hata kidogo. Mara ya mwisho kufika huko nilikuwa wa kubebwa mgongoni.

Gari ni la Martini, mwenye gereji ninakofanya kazi. Amesema wazi: nikifanya vizuri Kigoma, usukani ni wangu msimu mzima. Nikiharibu anampa Feliksi wa pale pale gereji, na mimi nirudi kumwaga oili za watu. Shangazi, usukani huu nimeusubiri tangu baba yu hai. Nieleze hiyo barabara, nakuomba.

Mwanao,
Winfrida


Bangwe, 29 Agosti 2025

Winfrida,

Marahaba. Magoti yapo, hayajaenda popote. Mwambie mama yako akapime kifua. Dagaa wengine nitamtumia akishapima, si kabla.

Sasa hayo mengine. Kaka yangu Elikana aliendesha lori maisha yake yote na sikusikia hata siku moja kwamba amemkimbiza mtu. Wewe umeyatoa wapi? Mwanamke mzima unakimbia barabarani kama umeiba. Nilimsomea Skolastika barua yako tukiwa tunageuza dagaa kwenye chanja, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Chakula na kitanda viko kwangu, hilo usiulize. Ila kuja kusimama barabarani nikuangalie, hapana. Nakwambia mapema tusije tukalaumiana.

Barabara unayoitaka mimi siiendeshi, naipanda kwa miguu na beseni kichwani, kwa hiyo najua tu inapouma. Buzebazeba watu wanatoka ndani kama barabara ni ua wao. Ule mteremko wa kushuka kwetu ni mrefu na ni mwongo, miguu inakwenda yenyewe hujaituma. Ukifika chini ziwa lote liko mbele ya macho yako, na barabara inakata kushoto ghafla, pale pale mwaloni tunaposhushia dagaa. Ukikosea pale unaogelea. Imana, Mungu wetu, akulinde, maana mimi siwezi.

Shangazi yako,
Melania


Rusimbi, 6 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo, na asante kwa ugali na samaki kuhe wa jana. Nilikula mpaka nikaona aibu. Uliniuliza habari za mama, za gereji, hata za nywele zangu, lakini habari za mbio hukuuliza hata kwa bahati mbaya. Haya, nakuandikia, utake usitake.

Leo tulifungiwa barabara kwa mazoezi. Mzunguko wa kwanza niliendesha kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba ya watu. Sikujua kona inaishia wapi. Nilikanyaga breki pasipohitaji, nikaachia pale pa kukanyaga. Kule Buzebazeba ukuta wa nyumba ulinijia dirishani karibu kiasi kwamba nilisoma tangazo la fundi cherehani. Kwenye mteremko wako mwongo gari likawa jepesi, ziwa likapanda mbele yangu, na nakuapia kwa muda mfupi sikuona barabara kabisa, niliona maji tu. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari.

Kufikia mzunguko wa tano nikaanza kuielewa. Na hiyo kona ya mwaloni, Shangazi, ndiyo nitakayowashindia. Wenzangu wote wanafunga breki pale kwa kuogopa maji. Mimi nimegundua lami yake ni nzuri, kavu, inashika kuliko popote. Mwalo wenyewe ulikuwa kimya, mitumbwi imelala, hakuna hata beseni. Sigusi breki. Naachia mafuta kidogo, nazungusha usukani, nakanyaga tena. Nimekuwa wa kwanza kwenye mazoezi, kwa hiyo siku ya mbio nitapangwa mstari wa mbele.

Ila mbio za kesho zimeahirishwa, vizuizi vya kuwakinga watazamaji havijafika. Zimesogezwa mpaka Jumapili ya tarehe 21, na hakuna mazoezi mengine, barabara inarudi kwa wenyewe. Martini ananipeleka Kasulu kwa fundi anayemwamini, gia ya tatu inagoma. Nitarudi asubuhi ile ile ya mbio. Simu yangu imekufa, nimeiangushia jeki, usihangaike kunipigia. Heritier, kondakta wa basi la Kasulu, anaijua gereji ya huyo fundi, ukiwa na neno mpe barua.

Mwanao,
Winfrida


Bangwe, 15 Septemba 2025

Mwanangu Winfrida,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mikono tu ndiyo imechakaa, kazi imerudi.

Hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia. Leo nimeshuka mwaloni alfajiri na beseni, pale pale konani nikateleza, nikakaa chini mbele za watu. Nikiwa bado nimekaa, barua yako ikanijia kichwani yote. Wewe ulikuja kwetu wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaendi, kwa sababu dagaa hawafuati taa, na mwalo unalala. Ndiyo maana uliiona lami kavu. Sasa mwezi unakwisha. Jumapili yenu ya tarehe 21 ni giza lenyewe, mitumbwi yote itakuwa imetoka, na asubuhi dagaa watashushwa kwa mabeseni na kupakiwa kwenye pikapu pale pale konani. Maji yao yanamwagika njia nzima. Lami inakuwa kama sabuni. Watu wazima tunashikana mikono kupita.

Hiyo kona usiipite kama ulivyoniandikia. Ufunge breki kama wenzako, tena kabla yao. Sikutaka kuuliza habari za mbio, kweli, lakini sasa nauliza. Nijibu kwa huyo huyo Heritier ili nilale.

Shangazi yako,
Melania


Bangwe, 21 Septemba 2025, asubuhi

Mwanangu,

Habari za safari. Sikupata jibu lako. Heritier anasema barua aliiacha gereji, kwa nani hakumbuki. Basi sijui kama unajua au hujui kwamba kona imelowa, na kama hujui utaingia pale bila breki. Siku hizi zote nimekula kama mgonjwa.

Sasa sikia, tumelimaliza sisi wenyewe. Jana niliwaambia wenzangu wote wa mwaloni. Skolastika, yule aliyekucheka, ndiye aliyesimama wa kwanza. Leo mitumbwi ilipofika tumeacha dagaa ndani ya mitumbwi, na ujue dagaa wa giza hawasubiri mtu, tukashika mabeseni tukachota mchanga wa ufukweni. Tumeimwagia kona nzima, toka mteremko unapoishia mpaka kwenye mti wa chikichi. Watu wa kukagua barabara walikuwa wameshapita, hakuna aliyetuzuia. Mkokoteni ukikwama kwenye utelezi tunautupia mchanga chini ya magurudumu, unashika, unapanda. Basi na wewe utashika. Pita kama ulivyopanga, mwanangu. Uwashinde.

Na nimebadili mawazo. Nitakuja. Tumepanga kusimama pale pale konani upande wa ziwa, sote, tuna masufuria ya kupiga. Vizuizi vimeishia juu, huku chini hakuna, kwa hiyo tutakuona vizuri kabisa.

Barua hii anakuletea Pastory, katibu wa mwalo, kwa pikipiki. Nimemwambia akupe mkononi hata kama umeshaingia garini.

Shangazi yako,
Melania


Bangwe, 22 Septemba 2025

Winfrida,

Salamu zitafuata huko mwisho nikizikumbuka.

Jana tulisimama. Tukasikia magari yanashuka, tukaanza kupiga masufuria. Wewe ukatokea wa kwanza, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Halafu nini kile? Ukapita mbele yetu kama unapeleka mgonjwa, taa zinawakawaka, umekaa katikati ya barabara, wenzako nyuma wanapiga honi kama kwenye harusi. Tulidhani gari limeharibika. Mara mbio zikasimamishwa. Mara wakaja vijana na mafagio na pampu ya maji, wakafagia mchanga wetu wote mbele ya macho yetu na kutusukuma mpaka juu kwenye ngazi za kanisa. Mmoja akaniita bibi mharibifu. Mimi. Halafu mbio zikaendelea na wewe humo.

Watu wanasema aliyewaambia wafagie ni wewe. Je, ni kweli? Tuliacha dagaa mpaka jua likawapata, nusu tumewamwaga. Skolastika hanisemeshi, akinisemesha ni kukuigiza ulivyokuwa ukitambaa, na wenzake wanacheka. Na wewe ukaondoka bila hata kuniaga. Nilikaa mlangoni mpaka chakula kikapoa.

Kama ulituonea aibu sisi wanuka samaki, sema. Nina umri wa kuambiwa.

Melania


Morogoro, 26 Septemba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakusalimu mara nyingi, na mama anakusalimu, amekwenda kupima na ni vumbi tu. Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye kopo la oili nyuma ya gereji ili nisionekane nikilia.

Ni kweli, mimi ndiye niliyewaambia. Nisikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Barua yako ya tarehe 15 sikuipata, nasikia fundi aliiweka mfukoni mwa ovaroli lake na ovaroli likafuliwa. Ya pili Pastory alinipa nikiwa nimeshafunga mikanda, injini zinaunguruma, helmeti kichwani. Niliisoma juu ya usukani. Nilipofika uliposema mchanga nikairudia sentensi ile. Shangazi, mkokoteni unakwenda taratibu, ndiyo maana mchanga unausaidia. Gari lenye kasi halishiki mchanga, linaelea juu yake. Unageuza usukani kushoto na gari linakwenda lilikokuwa linakwenda, moja kwa moja. Na moja kwa moja, pale kona ya mwaloni, ni upande wa ziwa. Ni pale uliponiandikia kwamba mtasimama.

Nilimwita mwenye bendera, nikamwonyesha barua. Alidhani ni dua nimeandikiwa na nyumbani. Akanipiga piga begani, akasema Mungu yupo, akaenda zake. Martini alikuwa mbali ananionyesha kidole gumba. Bendera ikashuka.

Ningeweza kugoma pale pale nisiondoke. Lakini magari saba nyuma yangu yangenipita, na madereva wao hawakujua chochote. Kwa hiyo niliondoka nikiwa mbele, na kazi yangu yote ikawa moja, asinipite mtu. Buzebazeba mmoja alijaribu kunipita kulia, nikambana, tukagusana, kioo changu cha pembeni kikaenda. Sijawahi kuendesha kwa hasira vile. Tulipoanza mteremko nikawasha taa za hatari na kupunguza mwendo, nikaenda huku na huku barabara nzima wasipate upenyo. Walinitukana. Mmoja alinigonga kwa nyuma mara mbili. Na hata kwa mwendo ule wa kubeba mgonjwa, kama ulivyosema, gari liliteleza pale chini, pua ikaelekea kwenu. Nilikuona. Umevaa kitenge cha njano, umesimama mbele ya wenzako wote, sufuria juu, unacheka. Tairi likashika mita chache kabla yenu. Wewe uliendelea kupiga sufuria.

Nilisimama juu kidogo, nikashuka, nikawaambia waamuzi. Wao wakafagia, wakaniondoa mashindanoni kwa kuzuia wenzangu. Martini hakutaka maelezo. Alinipakia garini muda ule ule kurudi Morogoro, hata kukuaga hakunipa nafasi. Usukani amepewa Feliksi. Mimi namwaga oili.

Inaniuma, sitakudanganya. Lakini wenzako wasijue. Waliacha dagaa wao kwa ajili yangu, hakuna mtu nje ya nyumba yetu aliyewahi kunifanyia hivyo. Wakijua walichotaka kukifanya hawatalala. Waambie niliogopa. Si uongo, maana sijawahi kuogopa vile.

Mwanao,
Winfrida


Bangwe, 3 Oktoba 2025

Mwanangu Winfrida,

Marahaba, marahaba tena, na salamu zile nilizokunyima zote ndizo hizi. Mama yako anatumiwa dagaa kesho, mfuko mkubwa.

Ulichoniagiza sikukifanya. Nilijaribu. Nilishuka mwaloni na barua yako imefungwa kwenye pindo la kitenge, nimejiandaa kusema Winfrida aliogopa. Nikamkuta Skolastika anakuigiza tena, amekunja mgongo, anashika usukani wa beseni, watu wanajifuta machozi kwa kucheka. Nikashindwa. Nikawaambia kaeni, nikawasomea yote toka shikamoo.

Nilipofika pale pa mchanga hakuna aliyecheka. Nilipofika pa kitenge cha njano nikampa Pastory barua, akamalizia yeye. Skolastika siku ile alisimama na mjukuu mgongoni, sijui kama ulimwona. Alikwenda pembeni kwenye maji akaliosha lile beseni la usukani, na sisi tukamwachia. Aliporudi alisema neno moja tu, kwamba ukija huku hutalala kwangu, utalala kwake. Nimekataa. Bado tunagombana.

Huna haja ya kutuficha, sisi ni watu wazima. Hatulali, kweli, lakini ni vizuri tukajua. Nilikuwa nimekwambia siwezi kukulinda, nikaja na beseni langu nikakaribia kukuua wewe na kujiua mimi. Nisamehe. Hilo nalisema mara moja na usilijibu.

Huyo Martini wako abaki na gari lake. Sisi huku jana tumehesabiana tukigawana dagaa, na tupo wote.

Shangazi yako,
Melania