Kamba ya Kumi na Sita

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni shuleni, juu ya meza ya kukatia mboga. Shule bado imefungwa, masufuria yote yako makabatini, na hakuna wa kunisumbua isipokuwa bomba linalovuja. Nyonga inaendeleaje? Mama aliniambia kwamba sasa unafika hadi getini na kurudi, na kwamba huo mkongojo unautumia zaidi kuwaonyesha watu makosa yao kuliko kutembelea. Nilicheka, na moyo wangu ukatulia kidogo. Mimi ni mzima, ila mikono imebabuka kwa jua na nywele bado zinanuka moshi, maana ni juzi tu tumerudi kutoka kambi yetu ya ukoo ya kila mwaka.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu kama watu wengine. Baba, wewe simu unaikata. Neno likikuchoma kidogo tu, unasema betri inaisha. Barua haikatwi, na hii nakuomba uisome hadi utakapoliona jina langu chini, hata ukiisoma kwa hasira.

Nianze na lile ambalo bila shaka limekwisha kukufikia, kwa sababu Baba Mdogo hana kifua. Ni kweli. Nilimchukua Chiriku, binti wa Kaka, kambini.

Ulivyosema mwaka jana nakumbuka neno kwa neno, na sikusahau kwa bahati mbaya; nilikaidi kwa makusudi. Kazi ya kufunga vitambaa vyeupe kwenye zile kamba kumi na sita za hema kubwa, ili watu wasijikwae giza likiingia, ulimpa yeye mjukuu wako. Jioni ukajikwaa kwenye kamba ya kumi na sita, ile ya upande wa jiko, ambayo haikuwa na kitambaa. Baba Mdogo akahesabu vitambaa, akapata kumi na vitano. Mtoto akalia na kuapa kwamba alifunga vyote. Nawe ukiwa chini, nyonga imevunjika, ukasema kwamba mtu asiyeweza kuhesabu hadi kumi na sita asiguse kamba yako tena.

Kwa familia nyingine hayo yangekuwa maneno ya mtu mwenye maumivu, yakapita. Lakini sisi umetulea kwa sheria za wapima ardhi wenzako, na sheria zako hazipiti. Kwetu asiyegusa kamba hana kazi kambini, na asiye na kazi kambini ni mgeni. Mtoto wa miaka kumi na mitano akawa mgeni kwa watu wake mwenyewe. Jina la Chiriku tulimpa sisi kwa ajili ya ule mdomo usiopumzika, unakumbuka? Sasa nyumbani kwa Kaka unaweza kukaa saa nzima usisikie sauti yake. Binamu zake walimtania kidogo mwanzoni, kisha wakaacha hata kumtania, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi siku moja kabla ya safari nilikwenda kwa Kaka na gunia langu la maharage. Nikaketi chini mlangoni mwa chumba cha binti, nikaanza kuchambua. Aliniambia kupitia mlangoni kwamba hataki kwenda. Nikamjibu kwamba mimi pia sikutaka kuzaliwa wa mwisho, lakini nipo. Aliniuliza nitaondoka saa ngapi, nikamwambia nikimaliza kuchambua. Nilipomaliza kilo sita nikayarudisha yote guniani, nikaanza upya. Mke wa Kaka alipita mara tatu akitikisa kichwa. Hatimaye mlango ukafunguliwa, Chiriku akatoka na begi begani na uso ameukunja, akasema maharage hayo yataota nikiendelea kuyashikashika. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote tangu mwaka jana.

Tulikwenda watu thelathini na watatu kwenye lori la Kaka, na kumi na wawili kati yao ni vijana wa umri wa kujua kila kitu. Baba Mdogo alijiteua kushika nafasi yako, akaja na filimbi. Alipuliza filimbi ya kushuka, ya kupanga mstari, ya kunywa maji. Siku ya pili filimbi ikapotea. Niliikuta ndani ya kopo la sukari, na sikuitoa hadi siku tunaondoka. Nihukumu na kwa hilo pia.

Uwanja ni ule ule, mto ni ule ule, joto ni kali kuliko miaka yote. Kabla ya kusimamisha chochote niliwalaza wote chini kama unavyotaka wewe, kila mtu asikie mwinuko kwa mgongo wake, ingawa vijana walilala na simu zimeinuliwa juu kama wanatafuta mwezi. Wavulana wanne wakasimamisha hema lao ndani likiwa nje, wakalala humo siku mbili nzima wakilalamika kwamba fundi aliyelishona hajui kazi.

Halafu vikaja vigingi. Kila mmoja alichukua chake chenye alama yake nyekundu, akakipiga mwenyewe, ili siku ya kuondoka aking'oe mwenyewe. Mfukoni vikabaki viwili. Kimoja ni chako. Cha pili ni cha Chiriku, ambaye alikitazama, akaufunga mfuko, akaja kukaa nami jikoni kumenya vitunguu. Sikumlazimisha. Mama, ambaye tangu aolewe hajalala hemani hata siku moja kwa kuwa alitolewa kwao kupelekwa nyumbani si porini, ndiye peke yake katika ukoo huu anayeruhusiwa kuishi bila kigingi.

Siku tatu zilikwenda hivyo. Siku ya nne, mchana, tukiwa tunaosha vyombo, upepo ukaja ghafla kutoka upande wa mto. Hema kubwa likavimba, kamba mbili za nyuma zikafyatuka, nguzo ya kati ikaanza kucheza. Watoto wadogo walikuwa wamelala ndani, saba, wakijikinga na jua. Watu wazima karibu wote walikuwa mtoni. Wavulana wakakimbilia kamba, kila mmoja akavuta yake kwa nguvu zake zote, na ndivyo hema lilivyozidi kuinama.

Chiriku aliruka kutoka jikoni kabla yangu. Akafika hadi hatua moja kutoka kamba, akasimama. Akaweka mikono nyuma, mkono mmoja umeushika mwingine. Akaanza kupaza sauti. Alimwambia mmoja alegeze ya saba, mwingine akaze ya tatu, yule mnene alalie ya kumi kwa tumbo, wasichana wawili waingie kuwatoa watoto kwa upande usio na upepo. Baba, alizitaja kamba zote kwa namba zake bila kukosea hata moja. Nilimfokea ashike, kamba ya tano ilikuwa inampiga miguuni, angenyoosha mkono tu angeikamata. Akanijibu bila kugeuka kwamba Babu alisema asiguse.

Hema lilisimama. Watoto wote saba walitoka wazima, wawili bado wana usingizi. Chiriku alipoiachia mikono yake niliona alama za kucha kwenye kiganja. Nikarudi jikoni nikakaa juu ya ndoo.

Sasa kaa vizuri kitini, Baba.

Mwaka jana, jioni ile, maharage yalikuwa yanaungua. Nilitafuta kitambaa changu cha kushikia sufuria, sikukiona. Moto ulikuwa unapanda. Nikanyoosha mkono kwenye kamba iliyokuwa karibu, nikafungua kitambaa cheupe kilichokuwa kimefungwa vizuri, mafundo mawili kama ulivyomfundisha, nikashikia sufuria. Nilijiambia nitakirudisha sasa hivi. Mtu akaniita kuhusu chai, nikakitia mfukoni mwa aproni. Ukatoka hemani kukagua kamba zako.

Chiriku alifunga kumi na sita. Mimi ndiye niliyefungua kimoja.

Usidhani nilijua palepale. Pale kila mtu alikuwa anapiga kelele, nami nilikuwa nimekushika kichwa. Nilijua hospitalini, nilipotia mkono mfukoni kutafuta kitu cha kufutia machozi nikakitoa hicho, kina masizi. Ningesema wakati ule ule. Nikasema moyoni, acha kwanza wamtibu. Kisha nikasema, acha kwanza arudi nyumbani. Kisha wiki zikawa nyingi mno, na kila wiki aibu ikaongezeka, na mtoto akawa kimya, nami nikawa namletea maandazi. Maandazi, Baba! Nimemnunua mtoto kwa maandazi mwaka mzima. Mimi ambaye mna mazoea ya kusema sina breki mdomoni, nilizipata breki siku zilipohitajika kidogo kuliko siku zote.

Asubuhi baada ya upepo, wote wakiwa wamekaa na vikombe vyao, nilisimama nikakitoa kitambaa nikasema yote haya, mbele ya thelathini na wawili. Sikulia, kwa sababu niliona nikilia watanihurumia, na sikutaka. Kaka aliweka kikombe chini akaondoka kwenda kukaa ndani ya lori, na mpaka leo hajazungumza nami. Ana haki. Chiriku aliniuliza jambo moja tu, kama nilijua siku zote zile alipokuwa akiulizwa. Nikamwambia nilijua. Akasema sawa Shangazi, akaenda mtoni peke yake, na siku mbili hakukaa jikoni kwangu. Wale binamu wakaanza kumfuata kama vifaranga, kila mmoja anataka aonyeshwe fundo.

Siku ya kuondoka Baba Mdogo alianza kuhesabu vigingi mfukoni. Alipofika thelathini na viwili, kati ya thelathini na vinne, akasimama. Tukageuka. Chiriku alikuwa ameshika ile nyundo ya mti, mahali penyewe ambapo kamba ya kumi na sita hufungwa, na alikuwa anapiga kigingi chini wakati wenzake wote wameng'oa. Alipiga chake, kisha pembeni yake akapiga chako. Alivipiga hadi vikabaki vichwa tu. Baba Mdogo alimwambia kambi inavunjwa, haijengwi. Akamjibu, kwa ile sauti yake ya zamani iliyofika hadi ng'ambo ya mto, kwamba chake hataking'oa mpaka Babu aje kung'oa chake, na kwamba kila mtu anang'oa cha kwake, hiyo si sheria yake yeye, ni sheria ya Babu. Baba Mdogo akaufunga mfuko.

Kwa hiyo sheria yako mwenyewe inasema kambi bado haijavunjwa. Uwanja hauna hema hata moja, sisi wote tuko makwetu, na bado tuko kambini. Jumamosi Kaka atapita kukuchukua akupeleke uwanjani. Hilo alinifikishia kupitia mke wake, na godoro ameshalitandika kwenye kiti cha mbele. Chiriku atakuwa ndani ya lori. Mimi sitakuja, nisije nikakupa mtu wa kumkasirikia ukasahau lililokupeleka. Hasira yako juu yangu niwekee, nitaifuata nyumbani Jumapili, na nitakaa mbele yako mpaka uimalize.

Usinijibu barua hii. Kama una kalamu karibu, mwandikie Chiriku kwanza.

Nisalimie sana Mama, umwambie sufuria lake kubwa nimelisugua hadi linang'aa. Nisalimie na jirani wa upande wa geti, na umwombee mguu wake upone. Kitambaa kimo ndani ya bahasha. Sikukifua. Nenda nacho Jumamosi, umpe Chiriku mwenyewe mkononi.

Ni mimi kitindamimba wako,
mpishi