Paa Ambalo Ndege Haikuliona

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Nakuandikia saa ya chakula cha mchana. Wenzangu wametoka, ofisi imebaki na mimi na upepo. Unaujua upepo wa Singida, unavyopenya kwenye madirisha ukipiga mluzi kama mtu aliyesahau wimbo wake. Nimeweka jiwe juu ya karatasi zangu zisiruke, na mbele yangu kuna brashi yenye rangi nyekundu ambayo sijathubutu kuitumia.

Uliondoka kabla hujajua nimepata kazi gani. Ulijua tu kwamba nimemaliza shule na nitakuwa karani, ukawaambia majirani kwamba nitakaa kivulini maisha yangu yote. Ni kweli, nakaa kivulini. Ndege hupita juu sana ikipiga picha za nchi, na picha hizo, nyeusi na nyeupe, huletwa kwetu. Juu ya kila picha tunalaza karatasi inayopitisha mwanga, kisha tunaipaka rangi. Makazi nyekundu, mashamba njano, pori kijani, maji buluu, ardhi tupu kahawia. Hapaachwi mahali. Kila kipande cha nchi, hata kiwe kidogo kama punje ya uwele, lazima kipewe rangi ya kitu kilicho pale. Wala rangi haiulizi kitu hicho ni cha nani. Nyumba mbili zikigusana huwa doa moja jekundu, hata kama wenyewe hawasalimiani.

Wachimba visima huja kuangalia rangi hizo. Wanaopambana na mbung'o huja pia. Na miaka hii ya vijiji, wanaopanga watu wahamie wapi na trekta ilime wapi nao huja. Hakuna anayeangalia picha tena. Wanaangalia rangi.

Nikiinamia kazi hiyo huwa nakuona. Nakuona tumekaa juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, jioni, unanifundisha kutazama mbali.

"Kile cheusi kule ni nini?" ulikuwa ukiniuliza.

"Kichaka, Mama."

"Kichaka gani kinachohama?"

Nikitazama tena, kichaka kilikuwa ng'ombe wa baba wakirudi kutoka mbugani. Ukacheka mpaka khanga ikakudondoka begani. Uliniambia nisitazame katikati ya kitu, nitazame ukingo wake, pale kinapoishia na kingine kinapoanzia. Hata leo natazama ukingo kwanza.

Nakumbuka na paa letu. Lile paa la tembe, la udongo, tambarare kama uwanja, upande wa nyuma limekutana na mteremko kiasi kwamba mbuzi walipanda bila kujua wamepanda. Tulianika uwele pale juu. Mvua zikianza nyasi ziliota, na boga lako moja lilitambaa mpaka ukingoni likaning'inia juu ya mlango. Ulikuwa ndani unasonga ugali, ukasikia kwato kichwani. "Mshusheni huyo kabla hajaingia chunguni!" Nilikuwa nikiipenda sauti hiyo ikitoka chini ya ardhi.

Sasa nikueleze kilichotokea.

Mwezi uliopita nilipewa karatasi ya upande wa kwetu, Ihanja, niinakili kwa usafi. Ilipakwa rangi na karani aliyenitangulia, mtu wa mbali, aliyekwishahamishwa. Bwana Mkuu wa ofisi yetu alikuwa ameshaitia saini. Nikaanza kuitazama kwa ukingo, kama ulivyonifundisha. Nikaliona jiwe letu. Nikaona duara la zizi. Nikaona njia ya kwenda kisimani, nyembamba kama uzi. Lakini pale penye nyumba yetu, na za majirani zetu mpaka bondeni, palikuwa na kahawia. Ardhi tupu. Kumbe tumekuwa tukiishi mahali pasipo na mtu.

Juu ya kahawia hiyo walikuwa wamechora mraba mkubwa. Shamba la kijiji, la kulimwa kwa trekta mvua za kwanza zikinyesha. Mraba ulipita juu ya nyumba, juu ya zizi, na juu ya kaburi lako nyuma ya zizi.

Nilimwonyesha Salma, karani mwenzangu, mtu wa Tanga asiyeweza kukaa na neno. Alitazama picha kwa lenzi muda mrefu.

"Kumbe nyinyi watu wa huku," alisema, "hata ndege ya serikali mmeifichia nyumba!"

"Salma, usinicheke. Watalima kwetu."

Akaacha kucheka. "Basi kaseme."

Rahisi kwake kusema. Mimi, Mama, unajua nilivyo. Ndimi yule yule niliyekuwa nikizunguka nyumba nisikutane na jogoo. Tena siku hizi neno dogo linaweza kukugeuza mtu anayepinga vijiji, na mimi sipingi. Nilipata darasa kwa sababu ya uhuru huu. Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Mwishowe nikagonga mlango, na kidogo nikimbie kabla sijajibiwa.

"Bwana Mkuu, hii kahawia si ardhi tupu. Ni nyumba."

Alivuta picha karibu. "Kivuli chake kiko wapi?"

"Ilipigwa jua likiwa kichwani. Tena nyumba ni fupi."

"Bati?"

"Hakuna bati."

"Nyasi?"

"Hatuezeki nyasi. Ni udongo."

"Kwa hiyo ni nyumba ya udongo, yenye paa la udongo, katikati ya udongo."

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

"Na wewe umejuaje?"

"Nimezaliwa humo."

Aliweka kalamu chini. "Hapo ndipo penye tabu, Ndugu. Kila karani akitetea kwao, shamba litalimwa wapi? Baharini?" Lakini yeye si mtu mbaya. Alichungulia tena kwa lenzi, kisha akasema tutakwenda kuona kwa macho.

Tulifika kwa Land Rover, tukaiacha kule juu kwenye mawe. Yeye alitangulia kuteremka na suti yake ya mikono mifupi, mikono nyuma, akitazama huku na huku. Mimi nilibaki nyuma kufunga mlango uliokuwa unagoma. Nilipogeuka nilimwona amesimama, amenyoosha mkono.

"Sioni kitu, Ndugu!" alinipigia kelele. "Huu ni uwanda mtupu!" Akapiga mguu chini, kunithibitishia.

Kutoka chini ya mguu wake ikatoka sauti ya Baba.

"We! Nani huyo anakanyaga paa? Mchanga unaingia kwenye mboga!"

Bwana Mkuu aliruka kama aliyekanyaga nyoka. Baba akachomoza mlangoni ameshika mwiko, maana tangu uondoke anapika mwenyewe na hataki kusaidiwa. Alimtazama mgeni juu ya paa lake kutoka viatu hadi kichwani.

"Shikamoo, mzee," alisema Bwana Mkuu.

"Marahaba. Njia ya wageni ni huku mbele. Huko juu hupita mbuzi."

Mama, nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani uwepo. Bwana Mkuu alishuka, akainama kuingia, akakaa kwenye kigoda chako. Baba akamwekea ugali na mlenda ule ule. Nilisikia mchanga ukilia kwenye meno yake. Alikula mpaka akamaliza. Baadaye alitembea peke yake kutoka nyumba hadi nyumba, akigusa kuta, akihesabu chini chini, akasimama kidogo nyuma ya zizi. Aliporudi aliniuliza jambo moja tu.

"Na zile karatasi za Kintinku, nazo zilizojaa kahawia?"

"Kule nako ni tembe, Bwana Mkuu."

Akafumba macho. "Tutazitoa zote zipakwe upya," alisema. "Uanze na hii."

Kwa hiyo shamba la trekta limesogezwa ng'ambo ya mbuga, kwenye pori la kweli. Kijiji kitajengwa kuizunguka nyumba yetu, si juu yake. Baba ameanza kulalamika kwamba majirani wakisogea watawazoea kuku wake. Naona kama amefurahi.

Imebaki rangi tu. Na hapo ndipo nimekwama, ndiyo maana nakuandikia badala ya kula.

Leo asubuhi nilipoiweka lenzi juu ya paa letu, ili nipate ukingo wake sawasawa, niliona kitu ambacho sikukiona kwanza. Juu ya paa kuna doa jeupe, pana kidogo. Ni uwele umeanikwa. Pembeni ya doa kuna nukta nyeusi.

Picha ilipigwa mwaka ule wa mwisho, kabla hujaugua. Nikakumbuka mchana mmoja. Mimi nilikuwa zizini, wewe juu ya paa unageuza uwele, na mlio mdogo ukapita mbinguni. Ulijikinga jua kwa ungo, ukatazama juu. "Inatafuta nini huku kwetu?" uliniuliza, nami sikujua. Karani mwangalifu hawezi kuapa. Nukta inaweza kuwa mbuzi, inaweza kuwa chungu. Lakini mimi nimeitazama kwa ukingo, Mama, na haifanani na mbuzi.

Hatuna rangi ya nukta. Paa lote ni makazi, na makazi ni nyekundu. Nisipopaka, patabaki ardhi tupu, na trekta haitauliza.

Nimechovya brashi. Nimeanzia zizini, nikapita nyuma kwenye kaburi lako, nikaja mlangoni, nikazunguka kuta. Uwele nimeupaka. Wewe nimekuacha mwisho. Nimekupaka polepole, kama mtu anavyomvutia shuka aliyelala.

Niwie radhi kwa mwandiko. Wasalimie wote walio huko nawe.

Mimi kitindamimba wako.