Hongera ya Riziki

Jumanne, Agosti 1999

Hongera, ananiambia. Mbele ya wapishi, madobi na meneja. "Hongera, Mwanasha, Mungu akujaalie salama!" Huyu ni Riziki, tunayepokezana naye zamu ya mapokezi hotelini.

Mimba ina miezi miwili. Mbili za kwanza zilitoka, na hii nilimwambia dada yangu wa Maskati peke yake, kwa barua pepe. Kwetu jambo hili halitajwi mpaka tumbo lionekane.

Nikamvuta kando. "Umejuaje?"

"Si uliacha mwenyewe? Nimefungua ukurasa wa barua pepe tu, neno lako la siri likajiandika."

Likajiandika! Wiki iliyopita kompyuta ya mapokezi iliniuliza kama ilikumbuke neno langu la siri. Nikabonyeza ndiyo, kama mtu anayekaribishwa chai. Kompyuta ya watu sita! Mjinga mimi. Lakini mlango ukiwa wazi, ndiyo uingie hadi chumbani kwa mtu usome barua zake? Hana haya yule. Hongera yake siitaki.

Leo nimebadilisha neno. Mashine ikaniuliza tena, ikumbuke? Nimebonyeza hapana mpaka kidole kikauma. Riziki nitambonyeza wapi asahau?

Naogopa kijicho, sifichi. Jioni mama mkwe amenipokea kikapu mlangoni. Hajawahi kunipokea kikapu.

Mume wangu Juma anarudi Ijumaa kutoka Voi. Nilitaka mimba ikae kwanza, ndipo nimwambie, tukiwa wawili.

Sasa ataambiwa na Ukunda nzima, isipokuwa mkewe.