Wadudu wa Kibibi

Baba Kibibi,

Nimewahi zamu. Maji ya sukari na chumvi yako kwenye jagi la bluu, mpe Kibibi kijiko kimoja kimoja. Ndoo ya kutapikia iko chini ya kitanda.

Na alfajiri nilimkuta huko huko chini ya kitanda, kajiharia, midomo imemkauka, hataki hata tone la maji. Namuuliza kulikoni, ananijibu, "Baba kasema nina wadudu tumboni kwa sababu ya kiburi changu. Wanakunywa ninachokunywa. Nawaacha wafe kwa kiu."

Mtu mzima, mchinja kuku, unamtisha mtoto wa miaka minne ili upate usingizi! Huna haya.

Mashuka yamo kwenye beseni. Fua wewe. ~~Nitakupigia saa nne.~~ Usinipigie.

Nimemweleza mwenyewe. Wadudu wapo, ila ni wadogo mno, hawaonekani, na hawajui nani ana kiburi. Wanapanda kwenye mikono michafu, halafu wanaingia mdomoni na chakula. Akawaza, akauliza, "Mikono ya nani?"

Nikamwambia: ya yule aliyetoka kupasua kuku juzi, akajipangusa kwenye suruali, akakumenyea yai.

Basi akanywa kikombe kizima.

Ukimpelekea kijiko, mnyooshee mikono kwanza, ainuse. Nimemfundisha harufu ya kuku. Akiikuta atapiga kelele mpaka majirani waje, na akiulizwa mdudu yuko wapi, anajua wa kumnyooshea kidole.

Mama Kibibi