Nilipanda Mulima ya Mabaki ya Mine

Mama mupenzi,

Salimia bote kule Mwene-Ditu. Niko Kolwezi. Ile mulima ya mabaki ya mine, majiwe na udongo yenye balitupaka kiisha kuchimba, karibu na gare kwenye tulingojea treni wakati benyeji balitufukuza turudie kwetu, leo imejaa miti na bandege. Batu banapandaka kule kuangalia muji.

Nilizunguka chini yake asubuhi yote, nikitafuta kaburi ya mudogo wangu Mbuyi, mwenye tulizika hapa mbele ya kupanda treni. Sikuiona. Nikapanda juu, nikakuta mama mumoja anakata majani ya mafagio. Nikamuuliza.

"Mwanangu," akasema, "bale batoto balikufia ku gare, tuliona bamama yabo banapanda treni na kulia. Kiisha mvua ikashusha udongo, ikafunika makaburi yote. Hakuna mutu anayua fasi yabo."

Akaweka kisu chini, akakaa karibu yangu mupaka nikamaliza kulia. Akauliza jina ya mutoto. Nikamwambia.

"Mi napitaka hapa kila juma," akasema. "Nitakuwa namusalimia Mbuyi."

Mama, udongo ya kaburi yenye uliniomba, sikuipata. Lakini uyue kama huku iko mutu anamutaja. Mungu akulinde, na ulale bizuri.

Mutoto wako,
Ngalula